Mbwa Wangu Anaanguka Ghafla, Kisha Anainuka

Daktari, nina Doberman dume wa miaka 6. Mwezi uliopita alimkimbilia mjukuu wangu getini, akaanguka ubavu, akalegea kabisa. Kabla sijamfikia akawa ameinuka, anatikisa mkia. Juzi imetokea tena. Usiku anakohoa. Jirani mmoja anasema ni kifafa, mwingine anasema kalishwa sumu, nimnyweshe maziwa. Chakula chake ni ugali na dagaa. Tena kuna mtu anaomba apande jike lake. Nifanyeje?
Mama J., Morogoro

Shikamoo mama. Nianze na maziwa: usimpe. Mbwa aliyeanguka ukimmiminia kitu mdomoni, maziwa au mafuta, kinaweza kuingia mapafuni, na hapo atakuwa na maradhi mawili.

Kwa ulivyoeleza, ninauhofia moyo. Mbwa mwenye kifafa kwa kawaida hukakamaa, hutupa miguu, hutoka povu, na akizinduka hubaki amezubaa, pengine asikutambue mara moja. Wako alianguka akikimbia, akalegea, akainuka upesi na akili zake timamu. Hivyo ndivyo anavyozimia mbwa ambaye moyo wake umeshindwa kufikisha damu ya kutosha kichwani. Hata hivyo dalili hizi huweza kuchanganyika, kwa hiyo akianguka tena, mtu amrekodi kwa simu. Video fupi itamfaa daktari kuliko maelezo yangu na ya majirani.

Aina yake inanitia wasiwasi zaidi. Doberman wengi hurithi ugonjwa wa misuli ya moyo: misuli hudhoofika, chumba cha kushoto cha moyo hutanuka, mapigo hupoteza mpangilio. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu yao hatimaye huupata. Moyo ukilemewa, maji hujaa mapafuni, na huenda kikohozi cha usiku kinatoka huko.

Mpeleke wiki hii. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama hapo hapo Morogoro, anzia huko. Omba moyo upimwe kwa ultrasaundi na kwa kipimo cha umeme wa moyo, ikiwezekana cha saa 24, maana mapigo mabaya huja na kupotea, na daktari anaweza kuuweka mpira wa kusikilizia kifuani asisikie kasoro yoyote. Damu nayo ipimwe, kwa kuwa homa za kupe humpunguzia mbwa damu mpaka akaishiwa nguvu.

Akiwa amelala fofofo, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Kikipanda zaidi ya mara 30, rudia baadaye. Ikiendelea hivyo, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Ukiona anahema kwa shida hali ametulia, au fizi zimekuwa za bluu, usisubiri kuche.

Ipo dawa iitwayo pimobendani, inayousaidia moyo kusukuma damu. Hutolewa mara mbili kwa siku, kama saa moja kabla ya chakula. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, Doberman walioanzishiwa kabla ya dalili walifika siku 718, kwa muda wa kati, kabla ya moyo kushindwa au kifo cha ghafla. Wasiopewa, siku 441. Wako ameshaonyesha dalili, hivyo sikuahidi miaka. Lakini akiongezewa dawa ya kupunguza maji mapafuni, anaweza kupumua vizuri na kulala usiku. Kifo cha ghafla kinawezekana hata akitibiwa, mama, na mjukuu anastahili kuambiwa hilo mapema, kwa upole. Mbio za getini zikome. Atembezwe polepole asubuhi.

Dagaa mwendelezee, ila wasiwe wa chumvi.

Anayeomba mbegu mkatalie, hata kama vipimo vya sasa vitatoka safi. Na kama ameshazaa, watafute wenye watoto wake uwaambie: kuanzia miaka 3, wapimwe moyo kila mwaka.