Wakunga wa Kiislamu watatoka wapi?

Ndugu zangu Waislamu, tumezoea kulalamika kwamba wake zetu wanazalishwa na wanaume. Malalamiko ni ya haki. Lakini hebu tujiulize, hao wakunga wa kike tunaowataka wanasoma wapi?

Stashahada ya Uuguzi na Ukunga hapa Tanzania hudai ufaulu wa Kidato cha Nne katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. D inatosha. Elimu ya Dini ya Kiislamu binti asome, tena apate A, ila haimo katika hayo manne.

Mtaala wa 2005 ulimpa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hiari ya kuacha Fizikia na Kemia. Mimi ni mwalimu. Nimewaona mabinti wakiyaacha kwa kuwa tu rafiki zao wameyaacha. Mzazi hana habari, yeye anaulizia karo na sare.

Kisingizio kikubwa ni maabara. Kweli, mtihani wa Kemia una sehemu ya vitendo, na vifaa ni haba katika shule zetu. Msikitini tukichangishana zulia, pesa hupatikana kwa Ijumaa mbili. Mchango wa bureti na pipeti sijausikia bado.