Dondoo muhimu: Alama kwenye sarafu ya zamani

Muuzaji wa katikati ya Nairobi au Westlands akikwambia herufi H kwenye senti kumi ya tundu ni kosa la kiwandani, usimwongezee bei. H ni alama ya kiwanda cha Heaton, KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. I ni Bombay, SA ni Pretoria. Hata ile ya 1936 yenye jina la Edward VIII haina sura ya mfalme, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Kosa halisi ni kama tundu lililokwenda upande. Tumia kioo cha kukuzia. Shilingi ya simba haikuwa na tundu: ikiwa nalo, imetobolewa baadaye, pengine ivaliwe shingoni. Tafadhali, usiisugue sarafu kwa ndimu wala jivu, itapungua thamani.