Boma la Pangani: Nyumba ya Chokaa Iliyogeuzwa Ofisi

Mjini Pangani, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Tanga, karibu na mahali mto uingiapo baharini, lipo jengo kongwe liitwalo Boma. Yasemekana lilijengwa mwaka 1810 na mfanyabiashara wa Kiomani liwe makazi yake. Baada ya kushindwa kwa vita vya Bushiri bin Salim, aliyenyongwa mjini humo Desemba 1889, utawala wa Kijerumani uliimarika pwani, na nyumba hiyo ikaingia katika kazi za serikali. Milango yake ya nakshi ilichongwa kwa ajili ya nyumba ya tajiri. Waliokuja kuipita baadaye ni makarani na wananchi wenye mashauri.

Nyumba za aina hii zina kuta za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na mchanga, aghalabu zenye unene wa sentimeta 50 au zaidi. Sakafu ya ghorofa hulazwa juu ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo ni fupi, upana wa chumba kwa kawaida haupiti meta 3. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba, jambo linalomsumbua kila apangaye meza za ofisi humo.

Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kalsiamu kabonati hupoteza hewa ya kabonidayoksaidi, na katika kilo 100 za kabonati safi hubaki kilo 56 tu za chokaa hai. Hiyo huzimwa kwa maji, huchanganywa na mchanga na kujengewa. Kisha hufyonza polepole hewa ileile iliyoipoteza, ikarudi kuwa jiwe. Ndani ya ukuta mnene kazi hiyo huchukua miaka.

Mapokeo ya mji husimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo za Boma ili jengo liwe imara. Kikemia, mwili wa binadamu hauongezi uimara wa msingi. Ukioza huacha uwazi. Lakini masimulizi hayo hayafai kudharauliwa. Pangani ilikuwa bandari ya biashara ya watumwa, na katika pwani hii kazi ngumu za wenye mali, kukata mawe, kubeba kuni na kuchoma chokaa, mara nyingi ziliwaangukia watumwa.

Hatari kubwa kwa jengo kama hili huja na ukarabati. Ukuta wa matumbawe una vinyweleo vingi: hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kama mvuke kupitia lipu ya chokaa. Fundi akiona lipu imebanduka, huipiga upya kwa saruji, na kwa mwaka mmoja au miwili kazi yake hupendeza. Saruji haipitishi mvuke kwa urahisi. Maji hupanda juu zaidi ukutani yakitafuta njia, yakifikia ncha za boriti zilizofukiwa humo, nazo huanza kuoza. Chumvi ya bahari nayo hujenga fuwele nyuma ya lipu na kuisukuma nje pamoja na ngozi ya jiwe.

Mzigo wa karatasi ni jambo la pili. Meta moja ya ujazo ya karatasi zilizobanana hukaribia kilo 700. Kabati la majalada likiwekwa katikati ya chumba huzipinda boriti kuliko likiwekwa kandokando ya ukuta zinakoegemea.

Darasani, suala la unyevu laweza kuchunguzwa kwa matofali mawili ya kuchoma yaliyo sawa. Moja lipigwe lipu ya chokaa na jingine lipu ya saruji, pande zote isipokuwa chini. Yakishakauka kwa wiki kadhaa, yasimamishwe katika sinia yenye maji ya chumvi kwa siku tatu, kisha yatolewe na kupimwa uzito kila siku kwa wiki mbili. Wanafunzi wachore grafu ya uzito kwa siku, na waandike pia mahali chumvi nyeupe ilipojitokeza.