Mimba ya Matibabu: Muuguzi wa Kliniki Ajue

Wanandoa wengi wa Thika na Ruiru waliokawia kupata mtoto huenda Nairobi kutafuta tiba. Mimba ikishika, mama huanza kliniki karibu na nyumbani, Thika Level 5 au hospitali ya Ruiru, na hapo hunyamaza kwa kuogopa maneno ya mtaani. Ukimya huo unaweza kumdhuru mtoto.

Wenzi wakikaa miezi 12 bila kinga na mimba isishike, waende wakapimwe wote wawili. Mke akiwa ametimiza miaka 35, wasipitishe miezi 6. Mama mkwe naye asikie: mara nyingi kasoro iko kwa mume.

Watoto wengi wa mimba za maabara, ambapo yai hurutubishwa nje ya mwili kisha kiinitete kupandikizwa kwenye kizazi, huzaliwa wazima. Louise Brown, wa kwanza duniani, alizaliwa Uingereza mwaka 1978 na sasa ni mama. Kenya ilipata wake wa kwanza mwaka 2006. Hata hivyo, uwezekano wa kuzaliwa kabla ya wiki 37, au na uzito usiofika kilo 2.5, huongezeka, hasa wakiwa mapacha. Kwa mtoto mmoja huongezeka kidogo tu, na si haki kuilaumu maabara peke yake: hata wenzi waliokawia na mwishowe wakapata mimba bila tiba wana hatari hiyo kidogo. Umri wa mama, presha na kisukari navyo huchangia. Kiinitete kilichogandishwa kabla ya kupandikizwa huelekea kutoa mtoto mkubwa zaidi, na mama huwa rahisi kupata presha ya ujauzito.

Kinachotia wasiwasi zaidi ni klomifeni, dawa ya kupevusha mayai, inaponunuliwa kemisti bila vipimo. Katika kila mimba 100 zinazotokana nayo, 5 hadi 10 huwa za mapacha, na asiyefuatiliwa huenda asijue mapema kwamba amebeba wawili.

Kwa hiyo mwambie muuguzi siku ya kwanza kabisa: ulitibiwa nini, na tarehe gani. Umri wa mimba ya maabara huhesabiwa kutokana na siku ya kupandikizwa kiinitete. Tarehe ikikosewa, mtoto anayekua vizuri anaweza kuonekana mdogo tumbo likipimwa kwa utepe, au aliyedumaa akaonekana yuko sawa. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Kama mirija yako iliwahi kuziba, liseme hilo pia, kwa sababu mimba inaweza kutunga nje ya kizazi. Upigwe picha ya altrasaundi mapema, kabla ya wiki 24, na umeze tembe za madini ya chuma na foliki kila siku.

Ukivuja damu, ukiumwa tumbo au kichwa kupita kiasi, macho yakiingia ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.