INZI HUONJA KWA MDOMO NA KWA MIGUU

Inzi hana meno kama yetu. Basi anajuaje chakula? Tukimtazama kwa mikroskopi, kile chombo cha kupimia damu, tunaona mdomo wake ni kama bomba. Mwisho wake una vipande viwili laini, vyenye mifereji midogo ya kunyonyea. Juu ya vipande hivyo ziko nywele ndogo sana. Kila unywele wa kuonja una uwazi ndani, na tundu dogo kwenye ncha. Ndani yake mna chembe za fahamu: nyingine hutambua sukari, nyingine chumvi, nyingine maji. Nywele za namna hii ziko miguuni pia.

Inzi akitua juu ya uji wa mtoto, miguu huonja kwanza. Ikigusa utamu, mdomo hushuka mara moja. Chakula kikiwa kikavu, hukitemea mate na matapishi kilainike, kisha hunyonya.

Angalieni! Pengine miguu hiyo na mdomo huo vimetoka kuonja mavi. Ndivyo vijidudu vya kuhara vinavyoingia katika chakula.

Mama, ufanye hivi:
1. Funika chakula na maji.
2. Mavi ya mtoto uyatupe chooni, na tundu la choo ulifunike.
3. Nawa mikono kwa sabuni.
4. Mtoto akihara, umnyweshe mara nyingi, umlete hospitali upesi.

Maulizo:
1. Inzi huonja kwa viungo gani?
2. Kwa sababu gani tunafunika chakula?