Mwanao na Timu ya Baiskeli za Milimani: Kijitabu cha Wazazi kwa Msimu wa Mashindano

Mwanao amerudi kutoka shule na karatasi ya kujiunga na timu ya baiskeli za milimani, nawe unataka kujua mambo matatu: ni salama, ni ghali kiasi gani, na kuna faida gani? Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili zilizoko Marekani, hasa zilizotoka Kongo, Burundi na Tanzania zikapata makazi Salt Lake City na miji ya jirani katika jimbo la Utah. Wazazi wa Idaho, Colorado, Minnesota na California watakuta mengi yanayofanana, ingawa tarehe na kanuni ndogondogo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo.

Kabla ya yote, shika jambo hili moja: katika mchezo huu hakuna mchezaji wa akiba. Katika soka wanaingia kumi na mmoja, wengine wanakaa benchi wakingoja kuitwa, na kuna mtoto anayemaliza msimu mzima hajagusa mpira siku ya mechi. Huku kila aliyejiandikisha na kufanya mazoezi anapewa namba, anapanga mstari, anashindana. Anayemaliza wa mwisho amepanda mlima uleule na kuteremka njia ileile aliyopita wa kwanza. Kwa mtoto aliyefika nchi hii juzi, ambaye bado anatafuta mahali pa kusimama miongoni mwa wenzake, jambo hilo lina uzito kuliko kikombe chochote.

Mchezo ulikotoka

Baiskeli za milimani zilizaliwa California, wilaya ya Marin, kaskazini mwa San Francisco. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walichukua baiskeli nzito za zamani wakawa wanaziteremsha kwenye barabara za vumbi za milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano lililokuja kujulikana kama Repack. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba grisi iliyokuwa ndani ya breki ya gurudumu la nyuma iliungua, ikalazimu kuwekwa nyingine, na ndiyo asili ya jina hilo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo huo ukaingia Olimpiki, kule Atlanta.

Shuleni uliingia kwa njia ya mwalimu mmoja wa hisabati, Matt Fritzinger wa Berkeley High School. Mwaka 2001 alianzisha ligi ya shule za sekondari kaskazini mwa California. Mwaka 2009 ikaundwa NICA, chombo cha kitaifa kinachosimamia ligi za majimbo, kuandika kanuni na kutoa leseni za makocha. Ligi ya Utah imekua haraka hadi kuwa na watoto kwa maelfu, na ni lazima igawanywe kwa kanda, maana wote hawawezi kukutana mlima mmoja siku moja.

Kate Courtney alishindana katika ligi ile ya California alipokuwa mwanafunzi. Mwaka 2018 akawa bingwa wa dunia, kule Lenzerheide, Uswisi. Haley Batten, mzaliwa wa Park City, mwendo mfupi tu kutoka Salt Lake City, alipata medali ya fedha Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Na kama mwanao anadhani mchezo huu si wa watu wa kwetu, mwambie kuhusu Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyeshindana kwa baiskeli ya milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 na ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake. Mzazi aliyekulia Goma ameona vijana wakiteremka na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa viazi na makaa. Kusoma njia, kuhamisha uzito wa mwili na kutokuogopa mteremko ni ujuzi uleule.

Msimu unavyokwenda

Utah hushindana kuanzia mwisho wa kiangazi hadi Oktoba. Mazoezi huanza shule zikiwa zimefungwa, mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi au jioni kukwepa jua. Mashindano hufuata, moja kila baada ya wiki mbili hivi, kisha fainali ya jimbo. California msimu huanza mwishoni mwa baridi na kumalizika wakati wa machipuko. Wanaoshiriki ni wanafunzi wa darasa la 9 hadi la 12. Wadogo wao wa darasa la 6 hadi la 8 katika majimbo mengi wana mbio zao fupi.

Wiki za mwanzo mtoto hufundishwa mambo yanayoonekana madogo: kusimama juu ya pedeli kwenye mteremko, kubana breki zote mbili taratibu badala ya kuvuta ya mbele kwa ghafla, kubadili gia kabla mlima haujaanza. Usimcheke. Mtoto anayejua kuendesha baiskeli mtaani bado hajui kuendesha kwenye mawe na mizizi, na hapo ndipo wengi huanguka wiki ya kwanza. Atafundishwa pia adabu ya mlimani. Anayeteremka humpisha anayepanda. Wote huwapisha waenda kwa miguu na wapanda farasi. Njia ikiwa na tope haipitwi, kwa sababu matairi huichimba na ikikauka inabaki na mifereji. Timu nyingi zina siku za kwenda na majembe kutengeneza njia hizo, na mtoto atarudi na vumbi hadi masikioni.

Mwili unahitaji muda. Salt Lake City ipo kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vingi vya mashindano viko juu zaidi. Mtoto aliyehamia karibuni kutoka mahali pa chini atahema sana wiki za kwanza, na si dalili ya ugonjwa wala uvivu. Mpe maji, chakula cha kutosha na usingizi. Wali na maharage, ugali na samaki, ndizi, viazi: chakula chako cha nyumbani kinamfaa kabisa mwendesha baiskeli. Hahitaji unga wa kuongeza nguvu unaouzwa kwenye makopo.

Siku ya mashindano

Ni siku ndefu. Mtaondoka alfajiri na kurudi jioni. Mashindano mengine hufanyika Soldier Hollow, waliposhindania wanamichezo wa kuteleza thelujini katika Olimpiki ya mwaka 2002. Utakuta mahema yamepangwa, kila timu na lake, baiskeli zimeegeshwa kwa safu, wazazi wanakaanga mayai, makocha wanakagua cheni na upepo wa matairi.

Watoto hushindana kwa makundi, kufuatana na darasa na uwezo, wasichana mbali na wavulana. Mzunguko mmoja kwa kawaida huwa kati ya kilomita 6 na 10. Wa darasa la 9 huzunguka mara 2, walioendelea mara 3, na kundi la juu kabisa mara 4, jambo linaloweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi. Mwenye pointi nyingi za mashindano yaliyopita huitwa kwanza kwenye mstari wa kuanzia. Firimbi ikilia wote hutoka kwa kishindo, kisha njia inabanana na kuwa kijia cha baiskeli moja, na hapo mwendo hupungua. Anayetaka kupita hupaza sauti kusema anapita upande gani, na aliye mbele humpa nafasi panapofaa.

Wewe utasimama kandokando ya njia, umtie moyo mwanao. Watie moyo na wa timu nyingine. Ndivyo watu wa mchezo huu wanavyofanya, nasi tunawasifu kwa hilo. Kumpa maji kunaruhusiwa sehemu iliyotengwa tu. Akipata pancha ajue kuiziba mwenyewe, hivyo hakikisha ana tyubu ya akiba na pampu, na amejifunza kuzitumia nyumbani.

Pointi za timu hutokana na matokeo ya watoto kadhaa waliofanya vizuri, na pointi za wasichana hujumlishwa pamoja na za wavulana. Timu yenye wavulana peke yao haifiki mbali. Hivyo binti yako anapoalikwa kujiunga, ujue wanamhitaji kweli. Hawamwiti kwa kumwonea huruma. Ipo pia programu ya wasichana iitwayo GRiT, yenye mazoezi yanayoongozwa na makocha wanawake. Akivaa hijabu, ile nyepesi ya michezo hukaa vizuri chini ya helmeti, na suruali ya kubana chini ya kaptula ya timu ni vazi la kawaida. Mwambie kocha mapema asije akashangazwa na agizo la jezi.

Siku za ibada

Hili halimo kwenye karatasi ya shule, lakini familia zetu nyingi linazigusa. Utah kwa kawaida hushindana Jumamosi. Kama ninyi ni Waadventista, mtoto anaweza kufanya mazoezi yote ya wiki na kukosa mashindano yenyewe, na ni bora alijue hilo mapema kuliko kulia mwezi wa nane. Kaskazini mwa California huweza kuwa Jumapili. Kwa Waislamu, Ramadhani ikiangukia msimu wa machipuko, kocha apewe taarifa wiki kadhaa kabla ili apunguze mazoezi makali ya mchana. Hakuna aibu kuyasema haya. Kocha asiyeambiwa hawezi kusaidia.

Fedha

Tuseme ukweli: ni mchezo wa gharama. Kuna ada ya ligi, ada ya mashindano, jezi, mafuta ya gari, na baiskeli yenyewe, ambayo ikiwa mpya na nzuri inaweza kuzidi kodi ya nyumba ya mwezi. Wazazi wengi huishia hapa, wanamwambia mtoto hapana bila kuuliza. Hapo ndipo tunapotofautiana nao.

Ligi zina msaada wa ada kwa familia zenye kipato kidogo. Fomu hujazwa kwa siri, na watoto wengine hawajui nani amesaidiwa. Timu kadhaa zina baiskeli za kuazima msimu mzima. Ukiamua kununua, tafuta iliyotumika, yenye magurudumu ya inchi 26 hadi 29, shokapu ya mbele inayofanya kazi na breki za diski, kisha mpe kocha aikague kabla hujatoa fedha. Usinunue kubwa ukitarajia mtoto atakua. Baiskeli kubwa haidhibitiki mteremkoni. Shokapu ya nyuma si lazima. Baiskeli yenye mota hairuhusiwi kwenye mashindano.

Kitu kimoja kisiazimwe wala kununuliwa kimetumika: helmeti. Iliyowahi kugonga chini haifai tena, hata kama haina ufa unaoonekana.

Usalama

Watoto huanguka. Michubuko ni ya kawaida, na mara nyingine mkono au mfupa wa bega huvunjika. Hatutakuficha. Lakini mpangilio wa ulinzi ni mkubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Kila kocha huchunguzwa rekodi ya uhalifu na hufunzwa kutambua mtikisiko wa ubongo, na wa ngazi za juu hufunzwa pia huduma ya kwanza. Watoto huendesha kwa vikundi vidogo. Mtu mzima haruhusiwi kubaki peke yake na mtoto asiye wake mahali pa faragha. Ukiona kanuni hiyo inavunjwa, sema siku hiyohiyo.

Helmeti huvaliwa wakati wote mtoto anapokuwa juu ya baiskeli, hata akizunguka kwenye maegesho ya magari. Vipokea sauti vya masikioni ni marufuku. Aliyegonga kichwa akaumwa, akachanganyikiwa au akatapika haendeshi tena siku hiyo, na harudi mpaka mtaalamu wa afya amruhusu kwa maandishi. Mwanao anaweza kukuficha ili asikose mbio. Muulize, mwangalie usiku huo, na usimpe dawa ya maumivu ukanyamaza.

Kuna pia moshi wa moto wa nyika, unaofunika mabonde ya Utah mwishoni mwa kiangazi. Kipimo cha ubora wa hewa, AQI, kikizidi 150, hewa inadhuru kila mtu, si wagonjwa pekee. Mazoezi yakiahirishwa kwa sababu hiyo, usimpeleke mtoto kuendesha peke yake. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta kila siku.

Sehemu yako

Timu nyingi si za shule moja kwa moja. Ni vilabu vinavyobeba jina la shule na kuendeshwa na wazazi wanaojitolea. Shule ndogo huungana kuwa timu moja. Ndiyo maana utaombwa kazi: kusimama kwenye kona na bendera, kupika, kubeba mahema. Si lazima uwe na Kiingereza kizuri wala uwahi kupanda baiskeli. Mzazi anayepika chapati chini ya hema la timu hajulikani tena kama mgeni baada ya shindano la pili.

Shule ya umma inawajibika kisheria kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa. Klabu huenda isifungwe na wajibu huo vilevile, hivyo omba mkalimani kupitia ofisi ya shule siku chache kabla ya mkutano wa wazazi, na usimfanye mwanao kuwa mkalimani wa mambo ya fedha na afya. Kwenye mkutano huo uliza msaada wa ada unaombwaje na mwisho lini, kama kuna baiskeli ya kuazima inayomtosha mwanao, na nani anaweza kumpa nafasi kwenye gari siku unazofanya kazi. Usitie saini fomu usiyoielewa. Usiikatae timu kabla hujapata majibu ya maswali hayo matatu.