Mchoro wa Deni la Serikali

Muhula huu tulibishana sana bwenini juu ya deni la Serikali. Mwenzetu mmoja alichora nguzo mbili, ya pili ndefu mno, akadai nchi imekwisha. Hesabu zake zilikuwa za kweli: shilingi trilioni 60.72 Aprili 2021, na trilioni 69.44 Aprili 2022, kama Bunge lilivyoelezwa katika bajeti ya Juni 2022. Lakini alianza kupima kwenye 60, si kwenye sifuri! Basi nguzo ya pili ikawa mara kumi na tatu ya ile ya kwanza, hali deni liliongezeka kwa asilimia 14 tu.

Tazama Uluguru. Kilele cha Lupanga kina mita 2,100 na zaidi, na Kimhandu 2,600 na zaidi. Ukivichora kuanzia mita 2,000, Lupanga utakuwa kichuguu kando ya mwenziwe. Aliyewahi kuupanda atacheka.

Watetezi wa Serikali nao wana hila yao. Hulinganisha deni na pato la taifa peke yake, mstari ukakaa chini kwa utulivu. Lakini deni hulipwa kwa kodi, wala si kwa pato zima la nchi. Tena mwaka 2006 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa yalitufutia madeni mengi. Anayeanza mchoro hapo ameanzia bondeni.

Nilizichora upya nguzo zile kuanzia sifuri. Ubishi haukwisha, ila sasa tuliulizana fedha zilikopwa kwa kazi gani. Mmoja akataja reli mpya ipitayo hapa Morogoro. Mwingine akauliza riba yake.